Jinsi ya kupima hali ya samaki wa kilindini kuzunguka visiwa vya tropiki: mwongozo kamili kwa mfano wa Hawaii

Ukitaka kujua kama samaki wa kilindini wamepungua, kilo zinazoshushwa dikoni peke yake hazitakwambia kitu, na hapo ndo watu wengi wanapopotea. Samaki hawa hawajatawanyika bahari nzima, wanajikusanya kwenye vichwa vya miamba na kwenye mteremko wa kisiwa, sasa mvuvi akimaliza mwamba mmoja anahamia wa pili, akimaliza wa pili anaenda wa tatu, kila safari anarudi na mzigo wa maana, na kwenye karatasi inaonekana mambo safi kabisa kumbe nyuma yake imebaki miamba mitupu. Siku kilo zinaanza kushuka kweli unakuta tatizo lina miaka mingi tayari. Kwahiyo kazi yote hapa ni kusoma vitu vinne kwa pamoja, yaani kilo, muda wa kuvua, urefu wa samaki na umri wake, na ukikuta kimoja kinapingana na vingine usikifiche, kifuatilie.

Mfano nitautoa Hawaii, kwasababu kule wana kumbukumbu za wavuvi wa biashara toka 1948 na makosa yao na mafanikio yao yote yako wazi. Alafu samaki wao mkuu, anaitwa opakapaka, jina la kitaalamu Pristipomoides filamentosus, ndo huyohuyo aliyepo huku Bahari ya Hindi, na Shelisheli anavuliwa kwenye kingo za lile jukwaa la Mahé. Kwahiyo mtu wa Pemba, Mafia au Ngazija anayesoma hapa hasomi habari za samaki wa watu.

Hatua ya 1: Amua unampima nani, na mpaka wake ni upi

Usianze na "samaki wa kilindini" kwa ujumla. Hawaii wameamua kundi lao ni saba, wanaitwa Deep 7: opakapaka, onaga, ehu, kalekale, gindai, lehi na hapu'upu'u. Sita wa kwanza ni jamii moja na kina kungu na fatundu, wa saba ni chewa. Wote wanapatikana kati ya mita 100 na 400 hivi, lakini hawakai sawa, opakapaka yuko juu zaidi na onaga yuko chini, kwahiyo boti inayosogea mita 100 tu kwenda chini inabadilisha kabisa aina ya samaki inaowaleta. Kama hujaandika kina utadhani opakapaka wameisha kumbe wavuvi wamehamia kwa onaga kwasababu bei yake imepanda.

Hapa kwenye kutambua aina kuwa makini sana. Ehu, yaani Etelis carbunculus, kwa miaka mingi sehemu nyingi za Pasifiki na Bahari ya Hindi alikuwa anachanganywa na mwenzake anayefanana naye mno, na huyo mwenzake amepewa jina lake rasmi 2021 tu, Etelis boweni. Huyu wa pili anakua mkubwa kwa mbali. Sasa fikiria umepima urefu wa samaki mia tano ukawaweka kwenye grafu moja, wale wadogo waliozeeka utawaona ni watoto wa wale wakubwa, na hesabu yako yote ya ukuaji imeharibika. Piga picha kila samaki unayempima akiwa amelala ubavu na rula pembeni, na kwa wachache kata kipande kidogo cha pezi ukitie kwenye spiriti kwa ajili ya vinasaba. Ni kazi ndogo na inaokoa mambo makubwa baadae.

Kuhusu mpaka, jiulize je, samaki wa kisiwa hiki wanachanganyika na wa kile? Hawaii wanatathmini visiwa vikuu peke yake, na vile vya kaskazini magharibi vilitengwa kuwa hifadhi ya Papahānaumokuākea mwaka 2006. Hii ina faida moja nyingine, ukiwa na eneo la jirani ambalo halivuliwi unapata kitu cha kulinganisha nacho, unaona urefu wa samaki unavyotakiwa kuwa pale ambapo ndoana haifiki. Kama kwenu kuna mwamba wa mbali ambao kwasababu ya mkondo au umbali wavuvi hawaendi, huo ni hazina, upime kabla haujaanza kuvuliwa.

Hatua ya 2: Chora makazi yao

Visiwa vya volkano vinashuka ghafla, kwahiyo ule ukanda wa mita 100 hadi 400 ni mwembamba sana. Ramani za bure za sakafu ya bahari kama GEBCO zinasaidia kuanzia, ila kila mraba wake ni kama mita 450 upande mmoja, na ndani ya mita 450 mteremko mkali unaweza kushuka kutoka kina cha 100 mpaka 300, kwahiyo ramani itakuonyesha wastani ambao haupo popote. Chukua ramani, kisha toka na mvuvi mzoefu na ile mashine ya kusoma kina, pita mistari kutoka nchi kavu kwenda nje, andika kina na aina ya sakafu, kama ni mwamba mgumu au ni tope na mchanga.

Kisha gawa eneo kwenye miraba. Hawaii miraba yao ya utafiti ni mita 500 kwa 500, na wameipanga kwa makundi kufuata kina, ugumu wa sakafu na ukali wa mteremko, ili wanapochagua sehemu za kupima wachague kwa bahati nasibu ndani ya kila kundi badala ya kwenda pale tu panapojulikana kuna samaki. Hili la bahati nasibu wavuvi wanalipinga mwanzoni, wanakwambia pale hamna kitu unapoteza mafuta, na wako sahihi kwamba hamna kitu, lakini kujua ukubwa wa eneo ambalo hamna kitu ni sehemu ya jibu.

Usisahau sehemu ya kulelea watoto. Opakapaka wadogo kule kisiwa cha Oahu, nje ya ghuba ya Kāneʻohe, waligundulika wanakaa kwenye sakafu tambarare ya mchanga na tope, kina kama mita 60 hadi 100, mbali kabisa na miamba ya wazazi wao. Ukipima miamba tu hutawaona kamwe, alafu utaandika kwenye ripoti kwamba samaki hawazaliani.

Hatua ya 3: Kilo na muda, na hapa usione tabu

Hii ndo hatua ndefu kuliko zote. Tengeneza daftari la safari, moja kwa kila boti, na kila safari iandikwe: tarehe, idadi ya watu, mishipi mingapi ilikuwa majini kwa wakati mmoja, ndoana ngapi kwa kila mshipi, chambo gani, saa chubwi la kwanza liliposhuka na saa mshipi wa mwisho ulipopandishwa, kina, mraba uliovuliwa, na kilo pamoja na idadi ya samaki kwa kila aina. Andika na samaki waliochukuliwa na papa njiani wakati wa kupandisha, maana hao wamekufa kwasababu ya uvuvi ingawa hawajafika dikoni.

Na safari tupu ziandikwe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Mvuvi akirudi mikono mitupu haoni sababu ya kujaza fomu, na wewe ukikusanya fomu unabaki na zile safari nzuri tu, sasa wastani wako unakaa juu mwaka hadi mwaka hata kama nusu ya boti zinarudi bila kitu.

Usimlazimishe mvuvi akupe nukta kamili ya GPS ya mwamba wake. Ule mwamba ni mali yake, pengine kaonyeshwa na baba yake, ukimbana atakuandikia uongo. Mpe miraba mikubwa yenye namba achague, kama wanavyofanya Hawaii, inatosha kabisa.

Sasa kilo kwa saa ndo kipimo chako cha wingi, lakini saa moja ya leo sio saa moja ya zamani. Zamani mvuvi alivuta mshipi kwa mkono na kutafuta mwamba kwa kulinganisha alama za milimani, leo ana mashine ya umeme ya kuvuta, ana GPS na skrini inayomwonyesha samaki walipo. Kama kilo kwa saa zimebaki palepale wakati vifaa vimekuwa bora mara mbili, samaki wamepungua. Kwahiyo andika vifaa vya kila boti na mwaka vilipofungwa, ili baadae kwenye hesabu uweze kuondoa mchango wa vifaa, mchango wa nahodha hodari, mchango wa msimu, wa eneo, kibaki kile kinachotokana na samaki wenyewe. Hawaii walikutana na kikwazo cha namna hii, kumbukumbu zao za zamani zilikuwa za siku ya uvuvi tu, saa zilianza kupatikana vizuri miaka ya 2000 mwanzoni, na watathmini ikabidi wazitumie kama mistari miwili tofauti, maana huwezi kuunga siku na saa kwenye grafu moja ukategemea iseme kweli.

Na wale wanaovua kwa kitoweo au starehe? Nao wanahesabika. Samaki aliyeliwa nyumbani na aliyeuzwa hotelini wote wametoka mwamba uleule. Kama huwezi kuwafikia wote fanya mahojiano ya sampuli kwenye madiko mara chache kwa mwezi, upate makadirio, na uyaandike wazi kwamba ni makadirio.

Hatua ya 4: Urefu wa samaki

Hii ndo hatua rahisi na ya bei nafuu kuliko zote, kama huna hela ya kitu kingine chochote fanya hii. Unahitaji ubao wa kupimia wenye rula, penseli na karatasi isiyolowana. Pima kuanzia ncha ya mdomo mpaka kwenye panda ya mkia, sio mwisho wa mkia, kwasababu onaga ana mkia mrefu wenye ncha ndefu zinazokatika. Pima samaki WOTE wa boti uliyoichagua, na pima kabla mnunuzi wa hoteli hajapita kuchagua wakubwa. Chini ya samaki mia mbili wa aina moja kwa mwaka grafu inakuwa na mapengo mengi mno, mimi ningelenga mia tano waliotawanyika kusi na kaskazi.

Ukishakuwa nazo, tafuta kwanza asilimia ya samaki waliokwisha pevuka. Kwa opakapaka wa Hawaii nusu ya majike wanapevuka wakifika kama sentimita 40 na madume mapema kidogo. Lakini usichukue namba hiyo ukaibandika kwenu, maji ya kwenu yana joto lake na chakula chake, pasua samaki wako utazame mayai mwezi kwa mwezi upate namba yako. Kisha angalia wale majitu wakubwa, mama wazee, wale waliopita kwa asilimia 10 ule urefu ambao samaki wa rika moja wakijumlishwa wanakuwa na uzito mkubwa kabisa. Mtafiti wa samaki Rainer Froese kwenye vipimo vyake vya mwaka 2004 aliweka kwamba asilimia 30 hadi 40 ya wakubwa hao kwenye mavuno ni dalili ya kundi la samaki lenye umri mchanganyiko mzuri, na chini ya asilimia 20 ni jambo la kutia wasiwasi. Hii inatumika pale ambapo wavuvi hawakwepi wakubwa kwa makusudi.

Ukitaka kwenda mbele zaidi kuna njia ya watafiti Adrian Hordyk na Jeremy Prince ya mwaka 2015, inaitwa LBSPR, ipo kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu, bure kabisa. Inachukua grafu ya urefu na kukwambia samaki mmoja kwa wastani anabakiwa na nafasi ya kutaga mayai asilimia ngapi ya yale ambayo angetaga kama asingevuliwa kabisa. Ikishuka chini ya asilimia 20 ni hatari, na kwa samaki wanaokua taratibu hivi mimi nisingekubali kitu chini ya 40. Ila njia hii inaamini kwamba ndoana inakamata kila samaki mkubwa sawasawa na kwamba idadi ya watoto haipandi na kushuka sana mwaka hadi mwaka, kwahiyo kama mwaka jana kulikuwa na kizazi kikubwa cha watoto jibu litakuwa baya kuliko hali halisi, na kama wavuvi wamebadilisha namba ya ndoana usilinganishe miaka hiyo miwili kabisa.

Hatua ya 5: Umri, ambao unabadilisha kila kitu

Kichwani mwa samaki kuna vijiwe vya sikio, unavitoa, unakata kipande chembamba, unahesabu mistari kwenye darubini kama mti. Shida ni kwamba kilindini kwenye tropiki joto la maji halibadiliki sana, mistari inakuwa hafifu na watu wawili wanaweza kuhesabu tofauti kabisa. Kwa opakapaka zamani ilikadiriwa anaishi kama miaka 18. Kisha mtafiti Allen Andrews na wenzake mwaka 2012 wakatumia alama ya kaboni iliyoingia baharini kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakalinganisha kaboni ya kwenye kiini cha kijiwe na ile iliyohifadhiwa kwenye matumbawe ya Hawaii ambayo miaka yake inajulikana, na ikaonekana samaki huyu anapita miaka 40.

Angalia hiyo inafanya nini kwenye hesabu. Kuna kanuni ya Amy Then na wenzake ya 2015 ya kukadiria kasi ya vifo vya kawaida: chukua umri mkubwa kabisa, upandishe kwa kipeo cha -0.916, kisha zidisha kwa 4.899. Kwa miaka 18 unapata kama 0.35, maana yake kila mwaka karibu samaki 30 katika 100 wanakufa wenyewe hata bila mvuvi. Kwa miaka 40 unapata kama 0.17, yaani kama 15 tu katika 100. Sasa ukiamini ile ya kwanza utasema tuvue tu, si wanakufa hata hivyo, na utaruhusu mavuno ambayo samaki wa miaka 40 hawezi kabisa kuyafidia. Samaki ni yuleyule, bahari ni ileile, umebadilika umri tu kwenye karatasi na ushauri unageuka.

Huna maabara? Weka vijiwe hata hivyo. Vioshe, vikaushe, viweke kwenye bahasha yenye namba, urefu, jinsia, tarehe na mraba. Haviozi, na siku mtafiti mwenye vifaa akipatikana utakuwa na miaka kadhaa ya sampuli tayari. Chukua zaidi kwa wale wakubwa kabisa maana ndo wanaoamua hiyo namba ya juu.

Hatua ya 6: Pata jicho lisilotegemea wavuvi

Tangu 2016 Hawaii wana utafiti unaoitwa BFISH, unaenda pamoja njia mbili. Upande mmoja wanashusha kamera mbili zilizofungwa sambamba, kwasababu mbili kwa pamoja zinakuwezesha kupima urefu wa samaki kwenye picha, na kamera hizo zinaona kwa mwanga hafifu unaofika kilindini bila kuwasha taa zinazoweza kuwavuta au kuwafukuza samaki. Upande wa pili wavuvi wenyewe wanalipwa kuvua kwa utaratibu mmoja kwenye miraba iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Huu upande wa pili naupenda sana, mvuvi anayeshiriki kukusanya data hawezi kuja baadae kuziita za ofisini.

Kamera ndogo za kawaida zinawezekana ila kasha ndo lenye gharama, kwenye mita 200 presha ni kama mara 21 ya juu ya maji. Ukitazama video usihesabu kila samaki anayepita maana mmoja atapita mara kumi, chukua idadi kubwa kabisa ya aina moja inayoonekana kwenye picha moja iliyosimamishwa, hiyo ndo namba ya mshusho huo.

Hatua ya 7: Unganisha, alafu amua

Panga majibu yako mezani: kilo kwa saa zimeelekea wapi, wakubwa ni asilimia ngapi, LBSPR inasema nini, kamera inaonaje, na miraba inayovuliwa imehama au imebaki palepale. Kama kilo kwa saa zimesimama lakini urefu unashuka na boti zinaenda mbali zaidi kila mwaka, amini urefu na umbali. Ukiwa na mfululizo mrefu wa kilo unaweza kutumia modeli ya uzalishaji wa ziada, yaani hesabu ya kukadiria samaki wanaongezeka kiasi gani kinachoweza kuvuliwa bila kuwamaliza, na programu yake moja, JABBA, nayo ni ya bure, na tathmini ya Hawaii ya 2018 ilitumia modeli ya familia hiyo, ikatoa jibu kwamba Deep 7 hawakuwa wamevuliwa kupita kiasi.

Ila usidai namba moja. Toa jedwali la hatari: tukivua tani hizi, uwezekano wa kupitiliza ni huu, tukiongeza ni huu, waache wenye maamuzi na wavuvi wachague kiwango cha hatari wakiwa macho wazi. Hawaii kikomo cha msimu wa 2007 na 2008 kilikuwa ratili 178,000, karibu tani 81, baada ya uvuvi kufungwa kwa dharura kwasababu 2005 ilitangazwa wanavua kupita kiasi. Kufika msimu wa 2018 na 2019 kikomo kilikuwa ratili 492,000, kama tani 223. Usifikiri samaki waliongezeka kwa kiasi hicho ndani ya miaka kumi, sehemu kubwa ni data kusafishwa na njia ya kuhesabu kubadilika. Hiyo ndo inaonyesha kwanini lazima uandike kila uamuzi uliofanya kwenye hesabu, mtu wa baadae aweze kutenganisha mabadiliko ya samaki na mabadiliko ya karatasi.

Kwenye ushauri wa usimamizi jua kwamba kikomo cha urefu peke yake hakisaidii sana kilindini. Samaki aliyevutwa toka mita 200 kibofu cha hewa kimevimba, tumbo limetokea mdomoni, ukimwachia juu anaelea tu mpaka papa au ndege wamchukue. Anaweza kupona akirudishwa chini haraka kwa mshipi wenye uzito, lakini sio kila boti itafanya hivyo. Kwahiyo vitu vinavyofanya kazi ni kikomo cha jumla ya kilo, kufunga baadhi ya miamba, na kupunguza muda wa kuvua. Hawaii walifunga maeneo mwaka 1998, wakayapanga upya 2007 yakawa 12, ingawa baadae yalifunguliwa tena.

Urefu pima kila mwaka, kilo na saa kila safari, kamera kila mwaka kama pesa ipo au kila baada ya miaka miwili, umri na kupevuka rudia kila miaka mitano hivi, na hesabu kubwa ya modeli kila miaka mitatu hadi mitano. Nakala za madaftari ziwe sehemu mbili, moja ibaki kwa kamati ya wavuvi dikoni kwenyewe, sio zote ziende mjini.